Tunaitafuta Barabara Isiyoonekana: Siku Sita Boston

Jumapili

Dada alikuja kunipokea uwanja wa ndege wa Logan pamoja na wanawe wawili. Nasri ana miaka 12, Mwanaisha ana 8. Shikamoo ya Nasri ilikuwa nzito, ya kijana ambaye sauti inaanza kumvunjika. Mwanaisha hata hakusubiri nimalize marahaba.

"Mjomba, sasa hivi tunapita chini ya bahari. Mimi huwa nabana pumzi mpaka tutokee upande wa pili."

Akabana kweli. Mashavu yakamvimba, macho yakamtoka. Ndani ya handaki gari likakutana na foleni, tukaanza kwenda mwendo wa kobe, naye akaachia pumzi kwa kishindo na kumlaumu mama yake kwamba hajui kuendesha.

Handaki hilo linaitwa Ted Williams, jina la mchezaji maarufu wa besiboli wa timu ya Red Sox. Lilifunguliwa Desemba 1995, na kwa kweli halikuchimbwa kama panya achimbavyo shimo. Lililetwa likiwa vipande. Mabomba 12 makubwa ya chuma, kila moja na urefu wa zaidi ya mita 90, yalitengenezwa Baltimore, yakazibwa midomo, yakasafirishwa baharini hadi Boston. Huku nyuma, mfereji ulikuwa umeshachimbwa kwenye sakafu ya bandari. Bomba moja moja likazamishwa ndani ya mfereji, wapiga mbizi wakaliunga na mwenzake, kisha likafukiwa.

Nasri amepewa kazi na darasa lake la likizo: aandike juu ya kitu kikubwa kuliko vyote katika jiji lake. Amechagua mradi wa kuizika barabara kuu chini ya mji, ambao wenyeji wanauita Big Dig, yaani Chimbo Kubwa. Handaki tulilopita ni sehemu yake. Mimi nimefanya kazi ya upimaji barabara miaka tisa, basi dada ameona nije nimsaidie. Haya ninayoandika ni kwa ajili yake na watoto wa rika lake. Wakubwa wakisoma hawakatazwi.

Jumatatu

Asubuhi tulishuka mjini. Nasri alikuwa na daftari, kalamu mbili, na uso wa mtu anayekwenda kuona dubwana. Tukasimama katikati ya bustani ndefu inayoitwa Greenway. Majani, maua, maji yanayorukaruka, watu wamekaa kwenye viti wanakula.

"Haya, iko wapi?"

"Umeikanyaga."

Akatazama viatu vyake. Akazunguka. Mwisho akalala kifudifudi juu ya nyasi, sikio chini, na watu wakawa wanampita kwa heshima kana kwamba wanamjua. Alipoinuka alikuwa na majani kwenye shavu. "Sisikii kitu, mjomba."

Hapo ndipo ugumu wa kueleza mradi huu ulipo. Ukimpeleka mtoto kwenye piramidi, anaona piramidi. Hapa ukifika unakuta bustani ya kilomita mbili na nusu hivi, na wahandisi wangekwambia kwamba kutoona kitu ndiyo kazi yenyewe.

Nikamsimulia palivyokuwa. Mwaka 1959 ilikamilika hapa barabara ya juu, imesimama kwenye miguu ya chuma iliyopakwa rangi ya kijani, ikipita katikati ya mji. Kuipisha, watu wapatao 20,000 walihamishwa na majengo zaidi ya 1,000 yakavunjwa. Mtaa wa North End, ambako waliishi Waitaliano wengi, ukatengwa na mji kama kipande cha mkate kilichokatwa. Na hata magari yenyewe hayakustarehe. Barabara ilijengwa ichukue magari 75,000 kwa siku. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa inabeba kama 200,000. Kila siku foleni ilidumu kwa muda wa saa kumi.

Mtu aliyeshikilia kwamba ifukiwe ardhini ni mhandisi aitwaye Fred Salvucci, aliyekuwa mkuu wa uchukuzi wa jimbo la Massachusetts. Alikuwa na sababu ya nyumbani: bibi yake alivunjiwa nyumba kupisha barabara kuu nyingine iliyoingia mjini. Ndiyo maana katika mradi huu kulikuwa na sharti kwamba safari hii pasivunjwe nyumba ya mtu. Nasri aliandika hilo, akapigia mistari miwili. Mwaka 1987 Rais Reagan alikataa kuidhinisha fedha zake, Bunge la Marekani likamshinda, na kwenye Seneti zilipatikana kura zilezile zilizohitajika, bila ya ziada hata moja.

Mwanaisha yeye alishachoka na historia. Pale bustanini pana bembea ya kuzunguka ambayo haina farasi: wanyama wake ni wa Boston, walitokana na michoro ya watoto wa jiji. Alipanda kamba mkubwa wa baharini mara tatu, na mimi nikalipa mara tatu.

Tulipokuwa tunarudi niliwaonyesha jengo la kupumulia. Yako saba. Magari yakiwa chini yanatoa moshi, na moshi usipovutwa, watu watakosa hewa. Basi mafeni makubwa huvuta hewa chafu na kusukuma safi. "Kumbe jibu la Mwanaisha lipo," akasema Nasri. "Si lazima abane pumzi."

Jumanne

Leo tulikwenda kuchimba wenyewe. Tulipanda treni ya Blue Line kituo cha Aquarium tukaelekea ufukwe wa Revere. Kabla treni haijafika niliwaambia watazame dari ya kituo: juu ya dari ile mna barabara kuu. Njia ya treni ilipita hapo tangu 1904, kwa hiyo barabara mpya ililazimika kuipanda kwa juu. Mbele kidogo, South Station, mambo yanageuka, barabara inapita chini ya treni ya Red Line. Mwanaisha alichora mkononi kwa kalamu ya Nasri: mstari unaoshuka, unapanda, unashuka. Ukiendesha gari mle unausikia tumboni.

Ufukweni nikawaambia wachimbe mfereji mwembamba, wa kina cha mkono mzima, na kuta zake zisimame wima. Wakajaribu. Kufika kwenye kiwiko, maji yakajitokeza chini na kuta zikaporomoka. Wakajaribu tena. Zikaporomoka. Nasri akanitazama kama niliyemfanyia hila.

Boston imekaa hivyo hivyo. Sehemu kubwa ya mji wa leo ilikuwa maji na tope. Watu wakajaza udongo, kifusi, magogo na takataka karne kwa karne. Chimba kidogo tu, bahari inakuja kukusalimia. Na pembeni mwa shimo hapana mchanga mtupu kama hapa: pana majengo marefu yamejaa watu.

Nikatoa kwenye mfuko chupa mbili za uji mzito wa unga laini wa mahindi, nilioupika usiku jikoni kwa dada (aliuliza nampikia nani, nikamwambia ni wa ujenzi, akatikisa kichwa akaenda zake kulala). Wakachimba mara ya tatu, lakini safari hii kila wanapotoa mchanga mimi namimina uji. Kuta zikasimama! Upande mmoja ulibomoka kidogo, sitaficha, lakini mwingine ulikaa wima kama ukuta wa nyumba. Uji ni mzito kuliko maji, nao unausukuma mchanga usianguke.

Wajenzi walitumia tope la udongo uitwao bentonaiti. Mashine ilichimba mfereji wa upana wa kama mita moja, kina hadi mita 36, na muda wote mfereji umejaa tope hilo. Halafu wakashusha vyuma ndani ya tope, bila kulitoa kwanza. Mwisho wakaingiza bomba refu mpaka chini kabisa na kumimina zege. Zege ni zito zaidi, linakaa chini na kulipandisha tope juu, ambako linavutwa na kutumika tena kwingine. Tuliigiza: Nasri akashika karatasi aliyoikunja kama bomba, Mwanaisha akamimina mchanga wa maji. Uji ukapanda, ukafurika, ukamwagika kwenye miguu yake. Alipiga kelele mpaka ndege wa baharini wakaja kuona kuna nini.

Kuta zikishasimama pande zote mbili, ndipo udongo wa katikati unatolewa. Lakini subiri, ile barabara ya juu ya kijani iko wapi wakati wote huo? Ipo palepale. Magari yanapita. Miguu yake imesimama mahali hasa panapotakiwa kuchimbwa. Basi wakalaza mihimili mikubwa ya chuma kutoka ukuta hadi ukuta, uzito wa barabara ukahamishiwa juu ya mihimili, miguu ya zamani ikakatwa, na uchimbaji ukaendelea chini yake.

Watoto hawakuelewa nilipolisema hivyo. Wameelewa nilipowakumbusha jinsi bibi yao alivyokuwa anauguzwa. Alikuwa hawezi kuinuka, na mama yao akambadilishia shuka bila kumtoa kitandani: anamsogeza upande huu, anakunja shuka la zamani, anatandika jipya nusu, anamsogeza upande wa pili. Mgonjwa hata hakuamka. Mji wa Boston ulitandikiwa shuka namna hiyo, tangu 1991, kwa miaka zaidi ya kumi, ukiwa umelala juu yake.

Jumatano

Mvua kutwa. Na kabla ya chai pakatokea jambo.

Bafuni kwa dada kulikuwa na kulabu ya kubandika kwa gundi, ya kutundikia taulo. Kwa muda wa wiki tatu imebeba taulo mbili zilizolowa na mfuko wa sabuni. Alfajiri ikaanguka yenyewe, pwaa, hakuna aliyeigusa. Nasri akasema gundi ilikuwa mbovu. Mama yake akasema mbona wiki tatu ilishika? Nikaona siwezi kukwepa tena sehemu ambayo nilikuwa naiahirisha.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2006, mume na mke walikuwa kwenye gari wakipita katika kipande cha handaki kinachoelekea Ted Williams, wanakwenda uwanja wa ndege kumpokea ndugu. Dari ya hapo ilikuwa ya mabamba mazito ya zege yaliyoning'inizwa. Yakaanguka zaidi ya tani 20. Mume alitoka kwa kutambaa. Mkewe alifariki.

Mabamba yalishikwa na boliti zilizoingizwa kwenye matundu darini na kubanwa kwa gundi kali ya kemikali. Uchunguzi ulikuta kwamba aina ya gundi iliyotumika, inayokauka haraka, ina tabia ya kulegea polepole ikivutwa na mzigo usiopumzika. Ukiipima leo inashika. Ukiipima kesho inashika. Inateleza unywele kwa unywele. Mwaka 1999 baadhi ya boliti zilionekana zimeanza kuchomoka, zikarekebishwa, na swali la kwa nini zimechomoka halikufuatwa hadi mwisho wake. Baada ya handaki kufunguliwa, dari ile haikukaguliwa inavyostahili. Baada ya ajali mabamba yaliyobaki katika kipande kile yaliondolewa.

Mwanaisha aliuliza kama sisi tulipita hapo Jumapili. Nilimwambia tulipita karibu, na kwamba mabamba hayapo tena. Akanyamaza, akaenda kuiokota ile kulabu, akaitupa kwenye pipa. Katika kazi yangu ya upimaji nimeona watu wakiogopa kreni, wakiogopa baruti. Sijaona wengi wanaoogopa kitu ambacho kimekaa kimya wiki tatu. Mimi nakiogopa.

Jioni tukapiga hesabu ya fedha. Makadirio ya kwanza: dola bilioni 2.8, kwa thamani ya dola ya mwaka 1982. Mwisho wake: zaidi ya dola bilioni 14.6, na ukijumlisha riba ya mikopo inakaribia bilioni 24. Nasri akasema ni kama kumuomba mama dola 28 halafu ukarudi na risiti ya 146. Mama yake akasema asijaribu.

Zilikwenda wapi? Bei zilipanda miaka ikipita. Michoro ilibadilishwa, na ukibadilisha mchoro kazi ikiwa imeanza unalipa mara mbili. Chini ya mitaa mlikuwa na karibu maili 29 za mabomba ya maji, gesi, majitaka, nyaya za umeme na simu, za makampuni chungu nzima, na zote zilibidi zihamishwe bila mtu kukosa maji au simu. Hayo ni ya kweli. Lakini nimekaa kwenye mikutano ya kutosha kujua jambo moja jingine: makadirio ya mwanzo huvaa nguo za posa. Hakuna anayekwenda kuposa akataja madeni yake.

Alhamisi

Miguu inaniuma. Asubuhi tulianzia South Station. Hapa wahandisi walitakiwa kupitisha barabara chini ya reli zenye treni zipatazo 400 kwa siku, kwenye udongo uliojaa mawe ya zamani, magogo na maji. Wakaugandisha. Wakazika mabomba, wakapitisha humo maji ya chumvi yaliyopozwa chini kabisa ya kiwango cha barafu, mpaka ardhi ikawa ngumu kama jiwe. Pembeni walijenga sanduku kubwa la zege, na kwa kutumia jeki zenye nguvu ajabu wakalisukuma kuingia chini ya reli, huku mafundi wakiwa mbele wanachonga udongo ulioganda. Juu, abiria wananunua kahawa. Mwanaisha aliganda katikati ya ukumbi akijifanya udongo, na mtu mwenye sanduku la magurudumu alikaribia kumgonga.

Tukatembea hadi North End. Sasa unavuka kwenda huko kwa kukatiza bustani, dakika mbili. Kabla ya kuchimba, wataalamu wa mambo ya kale walipewa nafasi ya kupekua udongo, na karibu na hapa walikuta choo cha shimo cha karne ya 17, cha nyumba ya mwanamke aitwaye Katherine Nanny Naylor. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini ndani ya choo mlikuwa na vipande vya hariri, viatu, mbegu za matunda kwa maelfu, na mpira wa mbao wa kuchezea, wa zamani kuliko mingine ya aina hiyo iliyopatikana Amerika Kaskazini. Viongozi wa Kipuritani, Wakristo wa msimamo mkali wa enzi hizo, hawakuipenda michezo ya namna hiyo. Nasri ana nadharia kwamba kuna aliyetupa mpira chooni aliposikia hodi. Mimi sina bora kuliko hiyo.

Mchana tukapanda mnara wa Bunker Hill, ngazi 294, sababu juu kule unaliona daraja la Zakim vizuri. Ndiyo sehemu ya mradi ambayo haikujificha: njia 10 za magari, zimeshikwa na nyaya nyeupe zilizotandazwa kama matanga, na vichwa vya minara yake vimechongwa vifanane na mnara huu tuliokuwa ndani yake. Oktoba 2002, kabla ya kufunguliwa, ndovu 14 wa sarakasi walivushwa juu yake. Daraja lingeweza kubeba ndovu wengi kuliko hao bila kujua, ila watu waliamini miguu ya ndovu kuliko karatasi za wahandisi. Mwanaisha ameamua kwamba ripoti ya kaka yake ianzie na ndovu, na kusema kweli ameona mbali.

Ijumaa

Siku ya mwisho ya kazi, na nilikuwa nimewaficha ninakowapeleka. Kutoka gati la Long Wharf tulipanda boti. Upepo ulikuwa mwingi, Nasri akalikalia daftari lisipeperuke.

"Udongo uliotolewa chini ya mji ni zaidi ya mita za ujazo milioni 12," nikamwambia. "Sasa niambie, ungeuweka wapi?"

Akafikiri mpaka majengo yakawa madogo nyuma yetu. "Baharini?"

"Karibu."

Mwingi ulikwenda kufukia machimbo ya mawe ya zamani na majalala ya miji jirani. Lakini mamilioni ya yadi za ujazo yalipakiwa kwenye matishali yakaletwa hapa, kisiwa cha Spectacle. Kisiwa hiki zamani kilikuwa na kiwanda cha kuyeyushia mizoga ya farasi, halafu kikawa jalala la jiji hadi 1959. Taka ziliachwa wazi, zikawa zinamomonyoka na kuingia baharini. Udongo wa Chimbo Kubwa ukamwagwa juu ya taka, ukashindiliwa, likawekwa tabaka la mfinyanzi la kuzuia maji, kisha udongo wa rutuba, kisha miti. Mwaka 2006 kikafunguliwa kuwa mahali pa kutembea.

Tulipanda kilima kwa njia ya kokoto. Juu pana upepo, nyasi ndefu, na Boston yote mbele yako. Nasri hakuandika kitu. Alitazama mji, akatazama chini, akapima kwa jicho kama nilivyomfundisha.

"Mjomba. Kwa hiyo hili ndilo shimo."

"Enhe."

"Tumelipanda."

Akalala tena kifudifudi, sikio kwenye nyasi, kama Jumatatu. Nikamuuliza anasikia nini. Akasema panzi.

Ufukweni Mwanaisha aliokota vipande vya vioo vilivyolainishwa na bahari, kijani na bluu, masalia ya jalala. Bango lilisema visichukuliwe. Alivipanga juu ya jiwe kwa rangi, akaviaga kimoja kimoja, na boti ikapiga honi ya mwisho tukiwa bado mbali. Tulikimbia. Mimi nilifika wa tatu kati ya watatu.

Long Wharf, watu wote walipokwisha kushuka, yeye alikuwa ameketi ukingoni mwa gati amevua kiatu kimoja. Akakipindua, akakigonga mara mbili kwenye ubao. Ukadondoka udongo, kama kijiko kimoja.

"Nimeurudisha," akasema, akavaa kiatu chake.